Shangazi na Mguu Unaotembea

Ijumaa hii ya mwisho wa mwezi wa sita, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Shangazi anastaafu. Sentensi hiyo imeshaandikwa katika kijarida hiki mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka juzi, mara ya pili mwaka jana, na zote mbili mhariri alilazimika kuiondoa dakika za mwisho kwa sababu mhusika alikuwa amebadili mawazo. Safari hii imekaa. Karatasi zimetiwa saini, ufunguo wa kabati umerudishwa, na kile kikombe chake cha chai chenye mpini uliogundishwa kimeshaviringishwa kwenye gazeti. Wale mliokuwa mkisema mtaamini mkiona, haya, njooni mwone.

Kwa wasomaji ambao hawajawahi kupanda ngazi zetu, karakana hii hutengeneza matandiko. Tunashona mashuka, foronya na mapazia, lakini kilichotupa jina ni mifarishi, yale matandiko mazito ya tabaka tatu: juu uso wa viraka vya rangi, katikati pamba, chini bitana, na vyote vitatu vimeshikanishwa kwa mishono inayopita kitambaa kizima. Mimi ni mkataji. Nakata viraka, naviweka kwenye meza yake, na kwa miaka mingi sana nimekaa nikimtazama akivifanya viwe kitu kimoja. Ndiyo maana kazi ya kuandika wasifu huu, na kuusoma leo kwenye sherehe ya kumuaga, imeniangukia mimi, ingawa yeye mwenyewe alipendekeza apewe mtu anayejua kufunga mdomo.

Jina la Shangazi halikutoka kwenye ukoo. Hana mpwa hata mmoja humu ndani. Lilitoka kwa fundi wa vifungo ambaye, siku alipofokewa kwa kuacha mkasi wazi juu ya kiti, alinung'unika kwamba hata shangazi yake wa damu hajawahi kumsema vile. Kufika kesho yake, jina lilikuwa limeshuka ngazi hadi kwa mlinzi wa getini, na hakuna aliyehangaika tena kukumbuka la asili.

Aliingia kazini kama mpinda mapazia. Alipewa cherehani iliyokuwa karibu na dirisha la tatu, lile linalotazama uani kwa dobi, na akaikataa kabla hajaikalia. Aliomba bisibisi, brashi na mafuta, akaifungua tumboni, akatoa mle vumbi la nyuzi la kutosha kujaza mto wa mtoto, pamoja na sindano zilizovunjika na karatasi ya peremende. Msimamizi wa siku hizo alimkumbusha kwamba ameajiriwa kupinda mapazia, si kufanya upasuaji. Shangazi alimjibu kwamba mgonjwa hapindi pazia. Cherehani hiyo ndiyo aliyoitumia hadi juzi, na haijawahi kuguswa na fundi wa nje.

Siku hizo mifarishi ilikuwa balaa. Nieleze kidogo, maana ndipo penye kiini cha habari. Mguu wa kawaida wa cherehani kazi yake ni kukandamiza tu. Yanayosogeza kitambaa ni meno madogo yaliyo chini, kwenye bamba. Ukishona shuka hakuna neno, kitambaa ni kimoja na kinakwenda. Lakini ukiweka tabaka tatu, meno yanavuta bitana iende mbele, mguu unauzuia uso ubaki nyuma, na pamba iliyo katikati haijui imfuate nani. Unaanza vizuri, unafurahi, unafika mwisho na kukuta uso umejikusanya mikunjo na bitana imekimbia.

Basi wodi ya wazazi ya hospitali moja ikatuagiza mifarishi midogo ya kufunikia watoto wachanga. Tuliishona kwa moyo wote. Ilipotandazwa mezani, miraba yetu ilikuwa imepinda pembe, mingine ina uvimbe katikati, mmoja ulikuwa na umbo ambalo mpaka leo sijui linaitwaje. Ilibidi tuifumue yote. Tulifumua hadi vidole vikafa ganzi, na Shangazi, ambaye ndiye aliyekuwa ameshona mingi, alisema mbele ya watu wote kwamba hajawahi kuona aibu ya namna ile tangu azaliwe. Hakula mchana ule. Tangu hapo mifarishi kwake haikuwa kazi tu, ilikuwa ni deni la heshima.

Ule mguu unaotembea ulifika baadaye kidogo, ndani ya kiboksi cha vipuri, bila karatasi ya maelezo. Mguu wa kawaida ni kitu chembamba unachoweza kukipoteza mfukoni. Huu ulikuwa donge la chuma na plastiki, kama kitu kilichong'oka kwenye baiskeli, una mkono mdogo unaochomoza ubavuni. Shangazi aliufunga mwenyewe, maana hakuna aliyethubutu kugusa cherehani yake, na akauacha ule mkono uning'inie chini ya skrubu inayoshika sindano. Akashona. Mguu ukakwama, ukakwaruza, ukakusanya kitambaa kuliko hata ule wa zamani. Aliufungua, akatoa hukumu kwamba waliotuuzia ni wezi, na akautupa ndani ya kopo la vifungo vilivyokosa wenzao.

Kopo hilo lilikuwa zito, kwa hiyo tulilitumia kuzuia mlango usijifunge. Msidhani natia chumvi. Kifaa kilichokuja kutupatia wateja wote mnaowaona kilikaa misimu kadhaa kikizuia mlango.

Aliyekikomboa ni mimi, na ninaomba jambo hilo liwekwe kwenye kumbukumbu. Nilikuwa nimebeba mzigo wa vitambaa hadi kidevuni, sioni mbele, nikalipiga kopo teke. Vifungo vikamwagika hadi chini ya makabati. Sote tukapiga magoti kuokota, Shangazi akiwa wa kwanza na akinisema vilevile. Kisha akanyamaza ghafla. Alikuwa ameuokota ule mguu na anauchezea ule mkono wake kwa kidole gumba, juu, chini, juu, chini, na kila aliposukuma, meno madogo yaliyofichwa ndani ya mguu yalikuwa yananyanyuka na kupiga hatua. Aliinuka, akaenda kwenye cherehani yake. Vifungo tukabaki kuviokota wenyewe.

Kosa lilikuwa moja tu. Ule mkono hautakiwi kuning'inia. Unatakiwa uikalie skrubu ya sindano kwa juu, ili sindano ikipanda iupandishe, ikishuka iushushe, na hapo ndipo mguu unapopata nguvu ya kutembea. Meno ya chini yanasogeza bitana, meno ya juu yanasogeza uso, hatua kwa hatua, na pamba katikati inabebwa kama mtoto aliyeshikwa mikono yote miwili. Alishona kipande cha tabaka tatu, akakigeuza, akakilaza mezani. Kilikuwa bapa. Alikipapasa mgongoni kwa kiganja mara kadhaa, kisha akauinamia ule mguu na kuuomba radhi kwa sauti, mbele ya watu wazima. Mashahidi bado wapo kazini.

Kuanzia siku hiyo mifarishi ikawa yake. Hospitali ile ile ilirudi, safari hii ikaagiza ya wodi mbili. Wakaja wenye nyumba za wageni, wakaja maharusi, wakaja akina mama waliotaka mashati ya marehemu waume zao yakatwe viraka na kushonwa kuwa kitu cha kujifunika. Mwaka uliopita alikuja mzee mmoja na mfarishi aliouchukua hapa zamani sana, akitaka ukingo wake tu ubadilishwe kwa kuwa umelika. Shangazi aliugeuza, akaupapasa, na kukuta mishono ya kati haijalegea hata mmoja. Alijifanya hakujali, lakini mchana ule alitununulia chai karakana nzima.

Namna yake ya kufanya kazi tunaijua sote, maana ametuimbia hadi tunaiota. Tabaka zibanwe kwa pini kuanzia katikati kwenda nje, ili hewa na mikunjo vifukuzwe ukingoni. Mshono uwe mrefu kidogo kuliko wa shati. Usirudishe nyuma, mguu huo haujui kinyumenyume. Uzito wote wa mfarishi ubebwe na meza, hata ikibidi kusogeza meza ya pasi na viti viwili, maana sehemu inayoning'inia inavuta. Na juu ya yote, mikono isivute. Mikono inaongoza tu. Mguu umepewa kazi ya kutembea, uachwe utembee.

Kisha kuna ile desturi yake ya mgongo. Mfarishi ukiisha, mtu mwingine yeyote angeutazama usoni, kwenye rangi. Shangazi huulaza kifudifudi kwenye meza yangu ya kukatia, ananawa mikono, anafumba macho, na kuupapasa mgongo wote kwa viganja viwili. Husema uso ni wa wageni, mgongo ni wa fundi. Mkunjo ambao jicho langu halikuuona hata nilipooneshwa, kiganja chake kiliupata. Hakuna kilichotoka humu bila kupita chini ya mikono ile.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Kama hakuna kinachotoka bila mikono yake, yeye mwenyewe atatokaje?

Shangazi ana dada yake mkubwa, na wawili hao ndio waliobaki katika nyumba yao ya watoto wengi. Dada anakaa peke yake katika mji mwingine, mwendo wa nusu siku kwa basi, kwenye nyumba yenye ua na chumba cha pili. Waliahidiana tangu zamani kwamba Shangazi akimaliza kazi atahamia huko, wazeeke pamoja, wagombane kuhusu chumvi kama walivyogombana wakiwa wasichana. Chumba kilishapakwa rangi. Lakini macho ya dada yalianza kufifia, kwanza kwa kusoma, kisha kwa kutambua watu barabarani. Daktari hakumficha: kinachoondoka hakirudi. Mwaka jana, Shangazi alipopiga simu kumwambia kwamba ameahirisha tena, dada hakulalamika. Alisema maneno machache tu, ambayo Shangazi alituambia huku anajifanya anatafuta uzi.

"Mdogo wangu, nataka nikuone uso kabla sijabaki na sauti yako."

Tangu siku hiyo tulijua kinachopotea kila alipoahirisha. Hakuwa anang'ang'ania kiti, kama baadhi ya ndimi za chumba cha pasi zilivyodai. Alikuwa na hofu. Mwanafunzi wake wa kwanza alijifunza vizuri kisha akahama na mumewe. Wa pili aliogopa ule mguu hata kuugusa na akaomba arudishwe kwenye foronya. Shangazi aliona ile aibu ya wodi ya wazazi ikirudi mara tu akishuka ngazi, na miaka yake yote ikifumuliwa na mtu mwingine. Akasema, na meneja akakubali, kwamba ataweka saini siku ambayo atapapasa mgongo wa mfarishi na kushindwa kujua kama ni wake au si wake. Masharti mazuri ya kumweka mtu kazini hadi kiama.

Hapo akaja Mama Pacha. Alikuwa ametumia miaka mingi kushona maturubai ya malori na mahema, ana mabega ya mbeba mizigo na kicheko kinachotikisa vioo. Turubai halishonwi kwa kubembelezwa. Unalikamata, unalivuta, unalilazimisha. Naye alikuja na mikono hiyohiyo kwenye pamba na bitana. Alikaa kwenye cherehani ya dirisha la tatu, akashika mfarishi mbele na nyuma kama anayetenganisha watoto wanaopigana, na kuuvuta. Mguu ulijitahidi kutembea, maskini, lakini utatembeaje na mtu anakukokota? Mgongo ulitoka na mikunjo, mmoja baada ya mwingine.

Shangazi alijaribu kila dawa. Alimwekea kipande cha chaki mgongoni mwa kila mkono na kumwambia ashone bila kuviangusha. Siku nzima tulikanyaga chaki. Alimtaka ashone kwa vidole viwili. Alimtaka ashone akisimulia habari za wanawe, akiamini mawazo yakiwa mbali mikono italegea, lakini wanawe ni watundu na kila alipofika kwenye kisa cha kupanda paa, mikono ilikaza zaidi. Mama Pacha hakukata tamaa, nampa heshima yake. Ila jioni moja alinong'ona kwamba labda watu wengine wameumbwa kwa ajili ya maturubai, na kicheko chake hakikusikika siku mbili zilizofuata.

Mimi meza yangu iko nyuma yao, na mtu anayekata kitambaa siku nzima hujifunza kutazama mstari. Nikaona jambo. Kila Mama Pacha alipokuwa anashona, Shangazi alisimama begani kwake. Hakuwa anasimama tu. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya ukingo wa mfarishi, upande wa nyuma ya sindano, na kila mshono ulipotaka kupinda, aliuvuta kidogo kuunyoosha. Kidogo sana, kama mama anayemsawazishia mtoto kola. Na kila alipovuta, Mama Pacha alihisi kitambaa kinaondoka, naye akavuta upande wake ili kisimponyoke. Walikuwa wawili wanavutana, na katikati yao mguu unapiga hatua za bure.

Mwalimu wa kutovuta ndiye aliyekuwa anavuta. Wahenga walishasema nyani haoni kundule, na Shangazi atanisamehe, maana leo hana tena uwezo wa kuninyima chai.

Sikumwambia. Najua mipaka ya ujasiri wangu. Nilimwambia meneja, na meneja, mtu mwenye busara kuliko anavyoonekana akiwa amevaa ile miwani, alimwita Shangazi na kumwomba msaada. Alisema stoo ya bitana imevurugika na hakuna mwingine mwenye macho ya kuipanga. Stoo iko mwisho wa ukumbi, mlango wake ni mzito, na ndani husikii cherehani. Shangazi alikwenda huku ananung'unika, akaturushia maagizo hadi alipopotea mlangoni.

Mama Pacha alibaki peke yake na mfarishi. Alikaa muda mrefu bila kukanyaga pedali. Kisha akaanza polepole, mikono ikaja kwa mazoea kukamata, lakini safari hii hakukuwa na mtu upande wa pili. Alivuta, kitambaa kikamjia chote, mshono ukapinda waziwazi mbele ya macho yake. Akasimama. Akafumua pale palipopinda. Alipoanza tena aliweka viganja bapa juu ya kitambaa, vidole wazi, kama mtu anayepasha mikono moto, na akaacha. Ule mguu ukaondoka. Tak, tak, tak, tabaka zote tatu pamoja, kutoka katikati hadi ukingoni. Mimi niliacha kukata. Fundi wa vifungo aliacha vifungo. Mama Pacha alifika mwisho wa mstari, akainua mguu, akageuza mgongo juu, na kusema taratibu, kana kwamba anaogopa kuuamsha, "Kumbe unajua kwenda wenyewe."

Stoo ilipangwa wiki nzima. Nadhani haijawahi kuwa nadhifu vile. Na katika wiki hiyo Mama Pacha alishona mifarishi mitatu, akiilegeza mikono kila ilipotaka kuvuta, hadi mikono ikasahau maturubai.

Siku ya kupima, tulitandaza mifarishi sita kifudifudi, mitatu ya Mama Pacha na mitatu ambayo Shangazi alikuwa ameishona majuma machache kabla ya kupelekwa stoo. Niliichanganya mwenyewe, viraka vyote ni vya mkato mmoja, na chini ya ukingo wa kila mmoja niliweka alama ndogo ya chaki ambayo ni mimi tu niliyeijua. Shangazi alinawa mikono. Alifumba macho. Tulimsikia dobi akipiga pasi upande wa pili wa ua.

Alipapasa wa kwanza na kupita. Wa pili akapita. Kwa wa tatu alikawia, akarudi, akapita. Alipofika wa nne kiganja kilisimama karibu na pembe. Kulikuwa na mkunjo, ukubwa wa ukucha, uso ulipokuwa umejikusanya kidogo na kushonewa humohumo. Akaupapasa tena kwa kidole. Alifumbua macho na tukaona yamejaa huzuni ya kweli, maana nadhani alitaka kushindwa kuliko sisi tulivyotaka ashindwe. Alimtazama Mama Pacha kwa upole na kusema kwamba amejitahidi sana, lakini mikono bado inavuta, na kwamba itabidi wampe muda mwingine. Mama Pacha aliinamisha kichwa. Meneja akavua miwani.

Nikainua ukingo na kuwaonesha alama ya chaki. Mfarishi wa nne ulikuwa wa Shangazi.

Alidhani ninamtania, kama kawaida yangu. Akauinua mwenyewe, akautazama mshono, akaliona fundo la uzi alilolifunga kwa namna yake mwenyewe. Kisha akakumbuka. Ulikuwa mfarishi wa siku ile dada alipopiga simu kusema kwamba asubuhi hiyo alimsalimia jirani kwa jina la mtu mwingine. Shangazi alishona akiwa na haraka ya kumaliza, mawazo yakiwa kwenye basi, mikono ikavuta, na hata mgongo hakuupapasa. Aliketi kwenye kiti cha fundi wa vifungo. Mabega yakaanza kutikisika na tukakimbilia maji, tukidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi akajifuta machozi kwa kipande cha bitana, nasi tukaanza kucheka bila kujua kwa nini, na kicheko cha Mama Pacha kikarudi na vioo vikatikisika. Sijawahi kuona chumba kizima kikishusha pumzi kwa pamoja namna ile.

Aliponyamaza alisema, "Basi mkono wangu umeshatangulia kwenda kwa dada. Niacheni na mimi niufuate."

Saini aliiweka siku hiyohiyo, juu ya meza yangu ya kukatia, kwa kalamu ya meneja ambayo hadi leo haijarudishwa.

Kama ilivyo ada, karakana ilitaka kumpa mfarishi wa kumuaga. Tulimpa achague, na tulikuwa na mizuri, ukiwemo mmoja wa Mama Pacha ambao mgongo wake ungekufanya ulie. Aliuchagua wa nne. Mama Pacha alijitolea aufumue ile pembe na kuunyoosha, lakini Shangazi alimkatalia katakata. Alisema utatandikwa kwenye kitanda cha dada, mkunjo ukiwa upande wa kichwani, ili dada aujue sasa kwa macho, na siku macho yakichoka aupate kwa kidole, ajue yuko kitandani kwake na nani yuko chumba cha pili.

Dada mwenyewe yupo nasi leo, mstari wa mbele, amevaa gauni la rangi ya chungwa ili, asema yeye, mdogo wake asijifanye hakumwona. Bado anaona. Sisi tulio mbali anatuona kama vivuli, lakini aliye karibu anamwona, na tangu asubuhi hajamwondolea Shangazi macho. Tumewaweka viti vya karibu kwa makusudi.

Kwa niaba ya wakataji, wapiga pasi, fundi wa vifungo aliyekubatiza, meneja asiye na kalamu, na Mama Pacha aliyekaa sasa kwenye dirisha la tatu: tunakushukuru, Shangazi. Umetufundisha kunyoosha tulipopinda, kufumua bila kununa, na kuutazama mgongo kabla ya uso. Ule mguu upo mahali pake, mkono wake umekalia skrubu, na kopo la vifungo tumelirudisha kuzuia mlango, safari hii likiwa na vifungo tu. Tunakuombea siku ndefu na tulivu, ugomvi mtamu wa chumvi, na uso wako utazamwe na anayeupenda kwa miaka mingi ijayo.

Nenda taratibu, Shangazi. Huku nyuma hakuna anayevuta.